Sivyo Alivyosema

— Ukiondoka wewe, habari za siku yangu nitampa nani?

Hénock alisema hayo kwenye maiki kwa sauti nzito ya mwanaume mwenye suti, na ukumbi mzima ukatulia. Tunauita ukumbi kwa heshima tu. Kwa kweli ni karakana ya ushonaji ya mzee Balthazar, pale Jules Street, Malvern, Johannesburg. Kila Jumapili mchana cherehani husukumwa ukutani, mapazia hufungwa, na shuka jeupe huning'inizwa mahali ambapo siku za kazi hukaa suti za maharusi. Kwenye shuka hilo, mzungu mwenye masharubu membamba alikuwa amemshika mkono mwanamke mzuri kupita kiasi.

Vestine, aliyeketi kando ya Hénock, akasogeza mdomo kwenye maiki yake.

— Na mimi nisipokusimulia wewe, siku yangu imepita bure.

Wanawake wa viti vya mbele wakaguna kwa utamu. Mlinzi mmoja aliyekuja na sare yake ya kazi akajifuta jicho, akasingizia vumbi.

Sasa ngoja nikupe ukweli wa mambo, msomaji wangu, maana sipendi uanze hadithi hii ukiwa umedanganywa kama wale. Mzungu yule hakusema lolote la namna hiyo. Kwa Kiingereza chake alikuwa anauliza kama kuna mtu ameona funguo za gari. Mwanamke akamjibu kwamba ziko mezani.

Hénock alilijua hilo vizuri. Kazi ya kutafsiri filamu aliianzia kwao Uvira, kwenye ukumbi wa video karibu na soko: sauti ya filamu inapunguzwa, mtafsiri anashika maiki na kusema Kiswahili juu ya midomo ya watu. Hakuna anayetegemea aseme neno kwa neno. Mtafsiri asiyetia chumvi watu humkimbia. Lakini chumvi ya Hénock ilikuwa na shida yake. Kwa miaka miwili alikuwa akitia chumvi ya aina moja tu, na kumlenga mtu mmoja tu.

Filamu zenyewe zote zilikuwa za mwanamke mmoja, Marguerite Dane, nyota wa Hollywood wa zile enzi za magauni ya kumeremeta na sigara ndefu. Hénock alikuwa mlinzi kwenye geti la nyumba za kupanga kule Turffontein, jirani na uwanja wa mbio za farasi. Siku moja nyumba ya mama mmoja wa Kizungu aliyefariki ilikuwa inaondolewa vitu, na kando ya barabara akakuta boksi la diski linatupwa. Akaliomba. Watu wa Malvern walimpenda Marguerite tangu filamu ya kwanza, wakamwita Tantine, kama mtu anavyomwita shangazi yake mrembo anayekuja sikukuu na marashi.

Mwanzoni Hénock alisema sauti zote mwenyewe. Tantine akilia, watu walicheka. Ndipo Balthazar alipomwambia atafute mwanamke, na mwanamke aliyekuwa karibu alikuwa Vestine, msusi wa saluni ya mlango wa pili, Mrundi wa Bujumbura mwenye sauti ya kumtuliza mtoto wa jirani. Vestine akakataa. Akasema Kiingereza chake ni cha nywele tu: bei gani, ndefu au fupi, kaa vizuri. Kile cha filamu kinakwenda mbio mno. Hénock akamwambia hilo si tatizo, yeye atamnong'oneza cha kusema.

Umeliona kosa hapo? Mwanaume anayempenda mwanamke kimyakimya akapewa ruhusa ya kumwekea maneno mdomoni. Basi kila Jumapili Hénock alimwambia Vestine anampenda kupitia yule wa masharubu, halafu akamwinamia sikioni na kumnong'oneza jibu, na Vestine akamjibu vilevile alivyotaka kujibiwa. Taa zikiwaka, Hénock aligeuka bubu.

Jumapili ile ya funguo za gari, baada ya watu kutawanyika, alimsindikiza Vestine hadi mlangoni kwake kama kawaida. Walizungumza habari za bei ya mafuta ya kupikia na habari za robot ya kuongoza magari iliyoharibika pale kona. Kufika getini, Vestine akasimama.

— Kaka Hénock, Canada wamejibu.

— Bon. Wanasema nini?

— Wamekubali. Nitasafiri mwisho wa mwezi huu wa nane.

Hénock akalishika geti. Vestine alikuwa mkimbizi tangu usichana wake, na ombi hilo la kupokewa Canada alilingoja muda ambao wengine walizaa na kusomesha.

— Félicitations, — alisema. — Vraiment, Mungu ni mwema.

Vestine alimtazama. Alikuwa na tabia ya kumtazama mtu mpaka mtu akumbuke madhambi yake.

— Ni hayo tu?

— Na kule kuko baridi. Ununue koti mapema, usingoje kufika.

— Asante kwa koti, kaka, — Vestine alisema, akafunga geti.

Hénock akarudi Turffontein kwa teksi mbili, akaingia chumbani kwake, akala pap ya jana, ule ugali wa huku, akiwa amesimama, kwa sababu chumba chenye kiti kimoja kinamkumbusha mtu idadi ya watu waliomo. Akachukua simu. Akaandika, "Vestine, usiende." Akafuta. Akaandika, "Kuna jambo nilitaka kukuambia siku nyingi." Akafuta. Mwishowe akatuma: "Umelala salama?"

Jibu likaja upesi, kama mtu aliyekuwa ameishika simu mkononi.

"Ndiyo kaka."

Nilitaka kumtukana hapo, lakini tumsikilize kwanza, maana alikuwa na sababu yake. Alimweleza mzee Balthazar katikati ya juma, alipokwenda kumsaidia kufunga shuka jipya. Alisema Vestine amekubaliwa kama mwanamke asiye na mume. Akiolewa sasa, au hata akimtaja mchumba, dosiye ya ombi lake inasimama na kuanza upya, na nani anajua kama itafika tena. Mtu anayempenda hawezi kumfanyia hivyo. Balthazar alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja kabla ya kujibu.

— Yeye mwenyewe umemuuliza anataka nini?

— Hapana, papa. Nikimuuliza nitamchanganya.

— Basi usiseme unamhurumia. Umeshamwamulia. Na mimi niko nakuona wewe mwoga tu, mwenye sababu nzuri.

Hénock alipanda ngazi akafunga shuka, akalifunga vizuri kuliko siku zote.

Jumapili ya mwisho ya Vestine watu walijaa mpaka wengine wakakalia meza za kukatia vitambaa. Hénock alikuwa amechagua filamu ya mwisho ya Tantine, ile aliyoicheza wakati studio imeshamchoka na magazeti yameanza kuandika habari za mikunjo yake. Ndani yake Tantine ni mwalimu wa muziki anayehama mji, na mwanaume aliyempenda kimya miaka yote anajua siku na saa ya treni yake.

Kati ya diski ya kwanza na ya pili, kama ilivyo desturi, watu waliuliza habari za Tantine mwenyewe. Wanawake wa mbele walitaka kusikia tena mwisho wa maisha yake, ingawa walishasikia mara nyingi. Hénock akawapa. Aliwaambia jinsi alivyotoka kwenye kijiji cha vumbi akiwa muuza tiketi wa sinema, jinsi walivyompeleka Hollywood na kumvika almasi, jinsi wafalme walivyomtumia maua. Na alipochoka kuigiza, alisema, aliolewa na yule wa masharubu, wakanunua shamba, wakafuga farasi, wakazeekea barazani wakizungukwa na wajukuu. Watu wakapiga makofi. Vestine hakupiga. Alikuwa anatazama maiki iliyo mapajani mwake.

Diski ya pili ikaanza, na haikuchukua muda ikafika stesheni. Mvua inanyesha, treni inapuliza, Tantine ameshika sanduku. Mwanaume anakuja mbio, kofia imeanguka njiani. Anamshika mabega. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika boksi zima lile la diski, mzungu akasema maneno yaleyale ambayo Hénock alikuwa ameyatafuta miaka miwili. Akasema usiende. Akasema nakupenda, tufunge ndoa. Kiingereza cheupe, ambacho hata aliyefika Johannesburg juzi angekikisia.

Hénock alishika maiki. Aliliona neno lile likiwa tayari, limeshasemwa na mwingine, kazi yake ikiwa ni kulipitisha tu.

— Nenda salama, — alisema. — Mungu akutangulie.

Ukumbi ukalalamika. Mtu akasema eish, mwanaume gani huyu. Hénock hakugeuka. Akamwinamia Vestine sikioni, akamnong'oneza: sema, asante, sitakusahau.

Kwenye shuka midomo ya Tantine ilikuwa inacheza, machozi yanamtoka, na hakuna aliyemsemea. Kisha Vestine akainua maiki, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya Tantine. Ilikuwa yake ya saluni, ya kila siku.

— Sivyo alivyosema.

Hénock akamtazama.

— Yule bwana amesema usiende, — Vestine aliwaambia watu. — Amesema anampenda, wafunge ndoa. Kaka Hénock hapa amewaficha.

Mzee Balthazar, ambaye ana akili ya kujua wakati, akasimamisha filamu na kuwasha taa. Watu hawakuondoka, na ukweli ni kwamba hata mimi nisingeondoka.

— Kiingereza cha filamu unakisikia tangu lini? — Hénock aliuliza. Alikuwa amesahau kuweka maiki chini, kwa hiyo swali lake likasikika mpaka barabarani.

— Tangu mwaka jana. Kanisani, pale mjini, kila Jumamosi wanatufundisha sisi tunaongoja Canada.

— Na hukuniambia.

— Nilitaka. Nilikuja Jumapili moja na furaha, nikasema leo atashangaa. Halafu nikamsikia yule mzungu anaomba apewe chumvi, na wewe ukasema macho yangu ndiyo yanakufanya uamke asubuhi. Nikanyamaza. Nikasema ngoja, huyu akiwasha taa ataniambia. Ukawasha taa, ukaniuliza kama nimekula.

Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

— Nilikuwa najiandaa, — Hénock alisema.

— Mwaka mzima? Kila Jumapili unanitongoza kwa mdomo wa mtu aliyekufa. Na haitoshi, unanipa na jibu. Unajisemea, unajijibu, mimi nimekaa hapo katikati kama redio. Hata siku moja ulitaka kujua ningesema nini mimi?

Jibu la kweli la Hénock lilikuwa hapana. Alikuwa ameogopa kujua.

— Na habari za huyu Tantine umewadanganya watu, — Vestine akaendelea, sasa kwa upole zaidi, na hilo lilimuuma Hénock kuliko ukali. — Nimesoma habari zake zote kwa simu. Hakuwa na shamba. Jina walimpa wao, nywele wao, meno wao. Waume wawili alichaguliwa na studio ili magazeti yapate cha kuandika, na aliyempenda kweli walimkataza. Hata akiulizwa swali na waandishi, jibu lilikuwa limeshaandikwa. Akazeeka, wakamwacha. Alifia kwenye flati peke yake, akakutwa na mfanya usafi.

Wanawake wa mbele walikuwa wamemgeukia Hénock, wakingoja akanushe.

— Ni kweli, — alisema. — Mimi pia nilisoma, siku nyingi. Sikuweza kuwaambia. Angalia watu walio hapa, Vestine. Karibu wote wakitoka hapa wanarudi kwenye chumba kisicho na mtu. Na mimi narudi kwenye chumba kisicho na mtu. Ningewaambia vipi kwamba hata yeye, na uzuri wote ule?

Mlinzi wa sare alijifuta jicho, na safari hii hakusingizia vumbi.

— Basi mimi sitaki kuishi kama yeye, — Vestine alisema. — Maisha yote anasema maneno ya watu. Kama una neno, weka hiyo maiki chini, uniambie mimi. Usimwambie Tantine.

Hénock akaiweka maiki juu ya cherehani. Mikono ikabaki haina kazi. Bila giza na bila masharubu ya mtu mwingine alijiona amevuliwa nguo mbele ya kadamnasi.

— Nakupenda, — alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, si ile ya filamu. — Tangu siku ile ulipokataa kuja. Sina kitu cha kukupa kinachoshinda Canada. Nina geti ninalolinda na chumba cha kiti kimoja. Lakini usiende, Vestine. Kaa, tuoane.

Akangoja. Kwa mara ya kwanza hakujua mwanamke yule atajibu nini. Alimwona akivuta pumzi, akaona vidole vyake vya ususi vikikunja na kukunjua upindo wa kitenge.

— Nitaenda, — Vestine alisema.

Ukumbi ukaugulia.

— Ungeniambia mwaka jana, labda ningewaeleza wale wa dosiye, nikangoja tena. Labda. Sasa siwezi kuitupa ndoto yangu yote kwa sababu wewe leo umepata ujasiri. Sisemi hivi kwa hasira. Niko nasema kwa sababu ndivyo ninavyotaka.

Akachukua mkoba wake, akawaaga watu mmoja mmoja kwa mkono, akamwinamia mzee Balthazar kwa heshima, akatoka. Hénock alibaki amesimama kando ya cherehani. Baadaye Balthazar alimuuliza kama amalizie filamu, naye akasema hapana, watu wameshaona mwisho.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu na tupu. Alifungua geti, akafunga geti, akasalimia magari. Jioni hakujua la kufanya na habari za siku yake. Alikuwa ameona farasi aliyetoroka mazoezini akikimbia katikati ya barabara, polisi watatu nyuma yake, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Hakumtumia Vestine ujumbe. Aliona ameshasema lake na kujibiwa, na mtu akishajibiwa anakaa kimya.

Ujumbe ukatoka kwa Vestine mwenyewe.

"Ndege ni Alhamisi jioni. Sina wa kunisindikiza."

"Nitakuja," akajibu, na hakuongeza kitu.

Walikwenda na bakkie ya mzee Balthazar, masanduku nyuma yamefunikwa turubai, wao watatu wamebanana mbele. Njiani Hénock alisimulia habari za yule farasi, na Vestine akacheka mpaka akajishika tumbo, kisha kicheko kikakatika ghafla na akatazama dirishani hadi uwanja wa ndege. Koti lake jipya lilikuwa limekunjwa mapajani. Balthazar aliwashusha, akasema yeye atangoja kwenye gari, mgongo unamuuma. Mgongo haukuwa unamuuma.

Mlango wa wasafiri ulikuwa umejaa watu wanaolia kwa lugha zote za bara hili. Hénock akamkabidhi sanduku la mwisho. Alikuwa ameamua hatasema neno la kumzuia.

— Kuna kitu hujaniuliza, — Vestine alisema.

— Kipi?

— Siku ile uliniambia mambo mawili. Ulisema nisiende, nikakujibu. Ulisema na lingine. Hilo sikulijibu.

Ulimi ulimwasha Hénock, maana jibu zuri alikuwa nalo, tamu, angeweza kumnong'oneza palepale. Akauma meno, akangoja.

— Mimi pia nakupenda, Hénock. Na hili hukuninong'oneza.

Hakusema kaka. Akamshika shavu kwa kiganja chenye harufu ya mafuta ya nywele, akakiacha hapo kidogo, kisha akashika sanduku na kuingia ndani na msururu. Aligeuka mara moja. Hakupunga mkono, alimtazama tu kwa ile tabia yake, mpaka watu wa nyuma wakamsukuma.

Kwenye bakkie, mzee Balthazar hakuuliza kitu mpaka walipoikaribia Malvern na kusimamishwa na robot.

— Sasa, mtafsiri, — alisema. — Hii inaishaje? Atarudi? Atakuita?

Miaka yote Hénock alikuwa hajawahi kukosa mwisho wa kuwapa watu. Alitazama taa nyekundu, akatazama nafasi iliyobaki katikati yao kwenye kiti.

— Sijui, papa, — alisema. — Hilo atasema yeye.

Taa ikawa kijani, Balthazar akaingiza gia, wakaendelea.